Hesabu ya Maji

Barua iliingia saa tisa usiku,
saa za Birkat al-Mauz. Huko walikoiandika
nadhani ilikuwa mchana, watu wameshakula.
"Mpendwa mshirika," ilianza.
Nilipoliona neno mpendwa nikajua nimekwisha.

Kila ombi sasa lina bei.
Ombi ni lugha yao: programu yangu ikibisha hodi
kuchukua maneno ya watu impelekee asiyeona,
hilo ni moja. Na elfu moja ni baisa mia sita.
Nikageuza risiti ya chai ya karaki
nikapiga hesabu mgongoni mwake, mara tatu,
kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko uliotoboka.
Watumiaji elfu moja mia tatu na kumi na wawili,
maombi mia mbili kwa siku kila mmoja
(Bi Ghaniya mia sita, hapitwi na jambo):
riali elfu nne mia saba na ushei, kwa mwezi.
Mshahara wangu Nizwa ni mia sita na thelathini,
kabla ya mkopo wa gari.

Niliiita Sikio.
Niliiunda kwa ajili ya shangazi, mzaliwa wa Ujiji,
aliyekuja huku na sanduku moja la bati
na macho yakamwisha kwa kisukari.
Ikamsomea: nani kafiwa Kigoma,
nani anauza kiwanja Seeb,
nani kamtukana nani, na kisa chake.

Na walitukaribisha wenyewe, wasisahau.
Nyumba yao haikuwa hata na mapazia
walipotufungulia mlango wa uani: ingieni, jengeni.
Tukawaletea vipofu, wazee, wenye simu zilizochubuka,
watu ambao mlango wa mbele haukuwapitisha.
Nyumba ikajaa.
Sasa uani pana mtu wa kukata tiketi.

Chini ya dirisha langu falaji inapita.
Maji yake nayo yanauzwa, sikatai:
zamu za nusu saa, zikipimwa kwa kivuli mchana
na kwa nyota usiku; pana mnada,
na mwenye pesa hununua zamu ya mwenziwe.
Lakini pale yanapotokea juani mara ya kwanza,
kabla ya mitende, kabla ya mnada,
pana mahali pa kunywa
na hapo hapana daftari.
Waliochimba walilijua hilo wakiwa gizani, wamepiga magoti.

Nilimkuta shangazi anatoa tende kokwa.
"Wanataka ngapi?"
Nikamtajia. Akacheka mpaka akakohoa.
"Kwa pesa hizo si waje wenyewe wanisomee?"

Alhamisi nikaifunga.
Ikatamka sentensi ya mwisho niliyoiandikia,
asanteni, tuonane kheri,
kwa sauti yake ile ya mtu aliyemeza kijiko.

Siku hizi baada ya magharibi namsomea mimi.
Ananikatiza.
"Hapo umeruka. Mashine haikuwa ikinificha matusi."
Nasoma matusi. Anaridhika. "Haya, twende."
Kwa usiku mmoja naweza watu arubaini, kisha koo.

Jana simu imeniletea ujumbe wa sauti
kutoka kwa mama mmoja wa Sur, simjui:
mwanangu, nimeligusa Sikio, halisemi,
nimeizima simu nikaiwasha,
au mimi ndiye niliyekosea?
Nyuma yake mtoto analia, feni inagonga.
Nimeanza kumwandikia jibu. Nimefuta.
Nikimwandikia, nani atamsomea?
Nimebonyeza kinasa sauti, nikavuta pumzi,
na sekunde zikaanza kuhesabu.